Brouwer na Ujasiri wa Kusema Bado Sijui

Wahenga hawakukosea walipotuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilipokuwa katika kidato cha pili, mimi nilikitaka cha mvunguni bila kuinama. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa ametufundisha uthibitisho wa kanuni ya Pythagoras, nami, kwa kuwa kumbukumbu yangu ilikuwa bora kuliko subira yangu, niliukariri wote, neno kwa neno na herufi kwa herufi. Nilipoitwa ubaoni nikaanza kuumimina kama kasuku. Mwalimu aliniacha nifike katikati, kisha akatwaa chaki, akafuta herufi A, B na C, akaandika P, Q na R mahali pake, akaichora upya pembetatu ikiwa imelala ubavu, na kuniomba niendelee. Sikuweza. Darasa liliangua kicheko, nami nikarudi kwenye dawati langu nikiwa na maneno yote ya uthibitisho kichwani ilhali uthibitisho wenyewe sikuwa nao.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kuifanya isimu kuwa taaluma yangu, nilikutana vitabuni na mtu ambaye angeielewa aibu yangu ya siku ile kuliko mtu yeyote mwingine. Huyo ni Mholanzi L.E.J. Brouwer, mwanahisabati aliyewaambia wenzake wa ulimwengu mzima kwamba sehemu kubwa ya kile walichokiita maarifa ilikuwa maneno matupu. Nimeona vyema leo niwasimulie walimu na wanafunzi habari zake. Siwasimulii kwa sababu alikuwa mshindi, maana hakushinda, wala kwa sababu alikuwa malaika, maana hakuwa. Nawasimulia kwa sababu alidai jambo moja ambalo sisi tulio madarasani twalisahau kila siku, na alilidai kwanza kwake mwenyewe.

Luitzen Egbertus Jan Brouwer alizaliwa tarehe 27 Februari 1881 huko Overschie, karibu na mji wa Rotterdam nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana huyu alijaliwa akili nyepesi ajabu, na mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alijiunga na Chuo Kikuu cha Amsterdam. Huko alisomeshwa na Profesa Diederik Korteweg, na akafanya urafiki na Gerrit Mannoury, mwalimu aliyejifundisha hisabati ya juu mwenyewe na ambaye alimfungulia mlango wa falsafa. Mwaka 1904 Brouwer alimwoa Lize de Holl, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka 11, na katika mwaka huohuo akajijengea nyumba ndogo katika kijiji cha Blaricum, nje ya Amsterdam. Alipenda utulivu wa mashamba kuliko kelele za mji, na kijiji hicho hakikumtoka moyoni hadi kufa kwake.

Mwaka 1905 alichapisha kitabu kidogo kuhusu maisha, sanaa na mambo ya kiroho. Humo, pamoja na mengine mengi, aliishambulia lugha. Alishikilia kwamba maneno hayawezi kabisa kuibeba nafsi ya mtu mmoja na kuifikisha kwa mwingine, na kwamba watu hudhani wanaelewana ilhali wanaamrishana tu. Wengi walikichukua kitabu hicho kuwa ni ukali wa ujana. Kumbe mbegu ya kazi yake yote ilikuwa imo humo.

Mwaka 1907 alitetea tasnifu yake ya udaktari kuhusu misingi ya hisabati. Msimamizi wake Korteweg alikuwa amemtaka apunguze falsafa, naye akapunguza kwa shingo upande, lakini kiini kilibaki. Kiini hicho ni hiki: hisabati haitoki katika lugha, haitoki katika mantiki, wala haikai mahali fulani mbinguni ikingoja kugunduliwa. Hisabati hujengwa na akili ya mtu. Msomaji mpendwa, jaribu kufumba macho na kuisikiliza saa ya ukutani. Mdundo mmoja unapita, mwingine unaingia, na akili yako inaushika ule uliopita pamoja na huu uliopo. Kwa Brouwer, hapo ndipo mbili huzaliwa, kabla ya mtu yeyote kuitamka mbili. Kutokana na mbili hujengwa tatu, kutokana na tatu hujengwa nne, na hivyo hivyo hadi jengo zima la hesabu lisimame. Maneno na alama huja baadaye, kama alama za mkaa ambazo fundi huziandika ubaoni ili asisahau vipimo. Alama hizo si nyumba. Falsafa hii ilikuja kuitwa intuishonizimu, yaani falsafa ya utambuzi wa ndani.

Nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza nilichomwa. Mtu aliyekula kiapo cha kuitumikia lugha hafurahi kuambiwa kwamba lugha ni mkaa wa fundi. Lakini nilikumbuka P, Q na R, nikanyamaza.

Mwaka mmoja baada ya tasnifu, yaani 1908, Brouwer alichapisha makala fupi iliyodai kwamba kanuni za mantiki si za kutegemewa. Shabaha yake ilikuwa kanuni iliyorithiwa tangu enzi za Aristotle, isemayo kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli, na kwamba hakuna njia ya tatu. Mtu aweza kuuliza: kanuni hii ina ubaya gani? Mathalani, katika darasa lenye wanafunzi 13, lazima wawili angalau wawe wamezaliwa katika mwezi mmoja, kwa kuwa miezi ni 12. Sijui ni akina nani, lakini nikitaka kuwajua nitapita dawati kwa dawati na kazi itakwisha kabla ya kengele kulia. Hapo Brouwer hakuwa na ugomvi na mtu. Palipo na idadi yenye kikomo, na njia ya kukagua kila kilichomo, kanuni hiyo ni salama.

Ugomvi ulianza pale wanahisabati walipoichukua kanuni waliyoizoea katika mambo yenye kikomo, wakaivusha hadi katika mambo yasiyo na kikomo, bila hata kubisha hodi. Chukua ile namba tuitumiayo kupata mzingo wa duara, pai. Wanafunzi wengi hudhani kwamba ni 22 kwa 7, lakini hilo ni kadirio tu. Tarakimu zake, zianzazo na 3.14159, huendelea bila kikomo na bila kujirudia kwa mpango maalumu. Brouwer aliuliza: je, mahali fulani katika mfuatano huo zimo tarakimu 0123456789 zikiwa zimepangana hivyo hivyo? Wenzake walisema kwamba ama zimo ama hazimo, hata kama hakuna ajuaye. Brouwer alikataa. Aliyesema zimo alipaswa kuonyesha mahali zilipo. Aliyesema hazimo alipaswa kuonyesha kwa nini haziwezi kuwamo. Asiyeweza hili wala lile hana haki ya kudai kwamba moja kati ya hayo tayari ni kweli, eti kwa sababu sarufi ya sentensi inaruhusu.

Tuwe waangalifu hapa, kwa maana wengi huteleza. Brouwer hakusema kwamba kuna jibu la tatu lililo katikati ya kweli na uongo. Alisema kwamba ukweli wa hisabati ni kazi iliyofanywa, na kazi ambayo haijafanywa haiwezi kudaiwa. Ikatokea kwamba mwaka 1997 kompyuta za Wajapani zikazipata tarakimu hizo, zikianzia nafasi ya 17,387,594,880. Basi kauli hiyo sasa ni kweli hata kwa Brouwer, kwa sababu sasa tuna cha kuonyesha. Lakini badilisha swali, uulize kama tarakimu 7 hujirudia mara 100 mfululizo mahali fulani, na utajikuta palepale alipokuwa yeye mwaka 1908.

Mswahili asiuone msimamo huu kuwa mgeni mno. Nikiulizwa kuhusu jirani yangu, nikajibu kwamba si kwamba simwamini, hakuna msikilizaji mwenye masikio atakayesema kuwa nimekiri kumwamini. Nimekanusha kukanusha, basi. Mantiki ya vitabuni ingezifuta kanushi hizo mbili na kubakisha kukubali. Brouwer alikataa zifutwe hivihivi. Kuonyesha kwamba jambo haliwezi kukosekana si sawa na kulitia jambo hilo mkononi. Simaanishi kwamba mazungumzo yetu ya barazani ndiyo hisabati yake, la hasha. Lakini sikio letu limekwisha kuizoea tofauti ambayo wataalamu wa Ulaya waliiona kuwa kichekesho.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nimheshimu mtu huyu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Brouwer aliiweka kando falsafa na kufanya kazi katika topolojia, tawi la hisabati lichunguzalo sifa za maumbo ambazo hazibadiliki hata umbo likivutwa au kukunjwa. Huko alipata sifa ya ulimwengu. Kanuni yake mashuhuri yaweza kuelezwa hivi. Chukua karatasi mbili zilizo sawasawa, uziweke moja juu ya nyingine. Ile ya juu ifinyange upendavyo bila kuichana, kisha uirudishe juu ya mwenzake pasi na kuvuka mipaka yake. Haidhuru umeifinyanga vipi, kuna angalau nukta moja iliyo juu hasa ya mahali ilipokuwa mwanzo. Kanuni hii leo hutumiwa hata na wanauchumi.

Lakini nukta hiyo iko wapi? Uthibitisho wa Brouwer hausemi. Unaonyesha tu kwamba isipokuwapo, mambo yatagongana. Yaani, kazi iliyompa jina ilisimama juu ya ile ile njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuishuku. Mtu mwingine angeifumbia macho dosari hiyo na kula matunda ya sifa yake. Yeye hakufanya hivyo. Alikubali kwamba kipimo alichowapimia wengine kiliiangusha na kazi yake. Mwaka 1952, akiwa mzee wa miaka 71, alichapisha makala ya kuisahihisha kanuni hiyo ili ipatane na falsafa yake. Ni wangapi kati yetu sisi wenye vyeti waliowahi kuirudia kazi iliyowapatia cheo, wakaitia kalamu nyekundu wenyewe?

Turudi nyuma kidogo. Kwa sifa ya topolojia Brouwer aliteuliwa kuwa profesa mjini Amsterdam mwaka 1912, na mwaka uliofuata Korteweg akakiachia kiti chake mwenyewe ili mwanafunzi wake akikalie. Miongoni mwa waliomwunga mkono alikuwa David Hilbert wa Göttingen, Ujerumani, aliyehesabiwa kuwa mwanahisabati mkuu kuliko wote wa zama zake. Brouwer akaingia katika bodi ya wahariri wa jarida maarufu la Mathematische Annalen. Mwaka 1919 vyuo vikuu vya Berlin na Göttingen vilimwita, naye akakataa kuondoka Amsterdam.

Ila mafahali wawili hawakai zizi moja. Kuanzia mwaka 1918 Brouwer aliurudia mradi wake wa kuijenga hisabati upya, na mwaka 1921 Hermann Weyl, mmoja wa wanafunzi hodari wa Hilbert, alitangaza hadharani kwamba yuko upande wa Mholanzi. Hilbert alikasirika. Kwake yeye, kumnyang'anya mwanahisabati ile kanuni ya Aristotle kulikuwa sawa na kumkataza bondia kutumia ngumi zake. Alitunga mpango wake mwenyewe, ulioitwa fomalizimu: hisabati yote iandikwe kwa alama zenye sheria kali, kisha ithibitishwe kwamba alama hizo hazitazaa kamwe mgongano. Mmoja alisema hisabati ni kazi ya akili isiyohitaji lugha. Mwingine alitaka kuilinda kwa lugha iliyonyooshwa hadi ikakosa maana.

Wakati huo Brouwer hakuwa ameipa lugha kisogo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoonyesha jinsi maneno makubwa yawezavyo kuwapeleka vijana kaburini, yeye na Mannoury, mwandishi Frederik van Eeden na mwanaisimu Jac. van Ginneken waliunda kundi la kuchunguza namna maneno yanavyofanya kazi kati ya watu. Kundi hilo lilidumu kutoka 1922 hadi 1926. Mwezi Machi mwaka 1928 alialikwa Vienna kuhutubia juu ya hisabati, sayansi na lugha. Kati ya wasikilizaji alikuwamo Ludwig Wittgenstein, aliyekuwa ameiacha falsafa na ambaye hadi mwaka 1926 alikuwa mwalimu wa shule za msingi vijijini. Waliokuwa naye jioni hiyo walisimulia kwamba hotuba ile ilimwamsha. Mwaka 1929 alirudi Cambridge, na fikra alizozitoa huko baadaye kuhusu matumizi ya lugha ndizo tunazozifundisha katika idara zetu za isimu hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1928 ndio uliomvunja Brouwer. Wanahisabati wa Ujerumani walikuwa wamefungiwa nje ya makongamano ya mwaka 1920 na 1924 kwa sababu ya vita. Walipoalikwa Bologna, Italia, mwaka 1928, Brouwer, ijapokuwa hakuwa Mjerumani, aliwashawishi wasiende, akiona kwamba dhuluma ilikuwa haijaombewa radhi. Hilbert alikwenda, tena akiongoza ujumbe. Mwezi Oktoba, Hilbert, aliyekuwa mgonjwa sana na akihofia hatima ya jarida, alimwandikia Brouwer barua ya kumwondoa katika bodi. Albert Einstein, aliyekuwa mmoja wa wahariri wakuu, alikataa kujitia katika ugomvi huo. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi, na hatimaye bodi nzima ikavunjwa na kuundwa upya bila Brouwer. Wapiganapo mafahali, nyasi ndizo ziumiazo. Hapa nyasi zilikuwa wanafunzi, ambao tangu hapo waliona kuwa kumfuata Brouwer ni kujitafutia shari.

Baada ya hapo aliandika machache kwa miaka mingi. Alianzisha jarida jingine, Compositio Mathematica, lililoanza kuchapishwa mwaka 1934, lakini moto wa zamani ulikuwa umefifia. Wakati Wajerumani walipoikalia Uholanzi, aliwashauri wanafunzi wake mwaka 1943 watie saini tamko la utiifu ili waendelee na masomo. Baada ya ukombozi wa 1945 alisimamishwa kazi kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mwenendo wake wa wakati wa vita. Sitaki kumtetea wala kumhukumu katika makala fupi kama hii. Nasema tu kwamba aliyedai ushahidi katika hesabu hakuwa mwepesi wa kuziona njia katika siasa, na kwamba ukaidi uliomwinua ndio uliomtenga. Alistaafu mwaka 1951. Mkewe Lize alifariki mwaka 1959. Tarehe 2 Desemba 1966, akivuka barabara karibu na nyumba yake kule Blaricum, Brouwer aligongwa na gari akafa. Alikuwa na umri wa miaka 85.

Je, fahali wa pili alishinda? Mwaka 1931 Kurt Gödel alithibitisha kwamba mpango wa Hilbert hauwezi kutimia kama alivyoutarajia. Hata hivyo wanahisabati wengi waliendelea kuitumia ile kanuni ya zamani, na wanaitumia hadi leo. Fikra za Brouwer ziliokolewa na mwanafunzi wake, Arend Heyting, aliyefanya jambo ambalo mwalimu wake hakulipenda sana: mwaka 1930 alichapisha sheria za mantiki mpya kwa alama zilizopangwa vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Heyting lilifika kwa watu ambao Brouwer hakuwawaza. Uthibitisho unaodai kuonyesha namna ya kukipata kitu unafanana sana na programu ya kompyuta, kwa maana zote mbili ni maelekezo ya kukitengeneza. Msweden Per Martin-Löf aliutumia mfanano huo katika miaka ya 1970, na leo zipo programu za kukagua thibitisho za hisabati zilizojengwa juu ya mantiki ya aina hiyo. Mojawapo ndiyo iliyotumiwa na Georges Gonthier mwaka 2005 kukagua uthibitisho kwamba rangi nne zatosha kuipaka ramani yoyote.

Kwa hiyo, kama mwanaisimu, sikubaliani na Brouwer kwa yote. Lugha aliyoidharau ndiyo iliyoihifadhi kazi yake; lau si alama za Heyting, fikra hizo huenda zingezikwa pamoja naye Blaricum. Lakini nakubaliana naye kwa lile lililo kubwa. Neno lililohama kutoka daftari la mwalimu hadi daftari la mwanafunzi bila kupita akilini mwa yeyote kati yao halijawa maarifa bado.

Nasi twafanya nini? Tunamtunuku anayejibu upesi na kumwaibisha anayesema kwamba bado hajui. Tunamfundisha mtoto kwamba swali lolote lazima lijibiwe ndiyo au la kabla ya kengele, hata pale ambapo yeye, na pengine mwalimu wake, hajapata sababu ya kusema lolote kati ya hayo. Kisha tunashangaa anapofika chuo kikuu akiwa hodari wa kunakili na mwoga wa kufikiri. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 waahidi kuupima uwezo wa kutenda badala ya kukariri. Ahadi hiyo haitatimia ikiwa mwalimu hatakuwa tayari kumpa alama mwanafunzi aliyeonyesha kwa uaminifu hatua alizozifikia na mahali alipokwama.

Mwalimu wangu aliyefuta herufi ubaoni hakunipiga siku ile, wala hakunitukana. Alinipa kipande cha kadibodi na mkasi, akaniagiza nirudi keshoye. Usiku ule, kwa mwanga wa taa ya chemni, nilikata pembetatu nne zilizo sawa na kuzipanga ndani ya mraba mmoja kwa namna moja, kisha kwa namna nyingine, hadi nikaona kwa nini nafasi inayobaki lazima iwe sawa mara zote mbili. Asubuhi nilipoitwa tena ubaoni, sikujali ameandika herufi gani.